Figa Moja Haliinjiki Chungu

Hotuba hii, kuhusu moto wa kupikia na ujirani wetu, niliitoa Tanga mbele ya madiwani, wauza gesi, wachoma mkaa na wanavikoba, wale wa vikundi vya kuweka na kukopa, wa pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya, Horohoro na Lunga Lunga. Nimepunguza salamu na kunyoosha sentensi chache ili isomeke. Mengine nimeyaacha nilivyoyasema.

Waheshimiwa madiwani, ndugu zetu mliovuka alfajiri kutoka Lunga Lunga, Vanga na Kwale, akina mama wa vikoba, wauza gesi, wauza mkaa, na ninyi wachoma mkaa ambao nimeomba mkae viti vya mbele: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni mtu wa misitu. Kazi hiyo nimeifanya miaka 31, na wengi wenu mnaniita Bibi Nyundo, kwa ile nyundo ya kugongea alama kwenye magogo. Kabla sijasema lolote kuhusu gesi na meli na mipaka, nina deni la kulipa hapa mbele yenu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa zamu ya usiku kwenye kizuizi cha mazao ya misitu, barabara ya kwenda Handeni. Saa nane za usiku akaja kijana na baiskeli, magunia matatu ya mkaa nyuma, taa hana, kibali hana. Nikamshusha. Akaniambia, "Shangazi, hii ni ada ya mdogo wangu." Nikamjibu kwamba na msitu nao ni wa mdogo wako, nikajiona nimesema neno zito. Mkaa ukataifishwa, ukapelekwa mnadani. Na mimi niliyemkamata nikaenda mnadani kununua gunia moja, kwa sababu nyumbani kwangu hapakuwa na kitu kingine cha kupikia. Niliupikia mkaa wa yule kijana karibu mwezi mzima. Kila nilipopepea jiko nilimwona anasukuma baiskeli tupu kurudi alikotoka.

Tangu hapo nimejua kwamba mkamataji na mkamatwaji wanaweza kuwa na shida moja. Wataalamu wanaiita umaskini wa nishati. Sisi huku tunasema tu kwamba moto hakuna. Na moto ukikosekana, unga uliomo kwenye debe hauwi ugali, na maharage ya ruzuku hayawi mboga. Mtu anaweza kuwa na chakula ndani na bado akalala njaa. Nimeona akina mama walioacha kabisa kupika maharage, chakula bora cha maskini, kwa sababu yanakula mkaa wa saa tatu.

Nina jirani, mama wa watoto wanne. Ananunua mkaa kwa kopo, wa shilingi 1,500 kwa siku. Siku za mvua, mkaa ukiwa na maji na chenga nyingi, inabidi iwe 2,000. Tuchukue hiyo 1,500. Kwa siku 30 ni shilingi 45,000. Mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6, kuujaza ni elfu ishirini na kitu, na kwa familia kama yake unakwenda wiki tatu hivi. Kwa hiyo jirani yangu anayeitwa maskini ananunua moto kwa bei kubwa kuliko mwenye nyumba ya ghorofa. Anajua hesabu hiyo kuliko mimi. Nilipompigia hesabu hiyo, alicheka kidogo akasema, "Dada, mimi elfu moja mia tano ninayo kila siku. Elfu ishirini na tano kwa siku moja sijawahi kuishika bila kuwa ina mwenyewe."

Naomba sentensi hiyo mkae nayo, maana kila nitakalosema leo linatoka humo. Tumegawa mitungi ya ruzuku, na waliobuni jambo hilo nawashukuru kwa dhati. Lakini nendeni vijijini Mkinga na Kilindi mkaangalie uvunguni mwa vitanda. Mitungi ipo, imeisha. Muuzaji wa karibu yuko kilomita 30, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inakaribia nusu ya bei ya gesi yenyewe. Mtungi wa bure unawasha jiko mara moja. Mwezi wa pili ndio unaotupima.

Sasa, kila ninapozungumza gesi kuna mtu anasimama na swali lile lile, na ni swali zuri: sisi Tanzania tuna gesi yetu Mtwara na Songo Songo, kwa nini mtungi uwe ghali? Nalijibu kwa kirefu, kwa sababu kutolielewa kumetupotezea miaka.

Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na ile ya Mnazi Bay mwaka 1982 ni methani. Ni gesi nyepesi, haikubali kugeuka kimiminika kwa kubanwa tu kwenye mtungi wa kawaida. Inataka bomba mpaka mlangoni, au mitungi mizito ya mgandamizo mkubwa kama ile ya magari. Ndiyo maana inaendesha mitambo ya umeme na viwanda, na nyumba chache za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara zilizofikiwa na mabomba. Gesi iliyomo kwenye mtungi wako ni ndugu mwingine, propani na butani, inayopatikana katika kuchakata mafuta ghafi na baadhi ya gesi za visimani. Hiyo tunaiagiza. Inakuja na meli kutoka Ghuba na kwingineko, inashushwa Dar es Salaam, hapa Tanga, na Mombasa. Kwa maneno mengine, moto wa jiko la mama wa Muheza na moto wa jiko la mama wa Ukunda umevuka bahari moja, na bei yake imepangwa kwa dola kabla haujaona ardhi.

Hapa ndipo ujirani unapoanza kuwa na thamani ya fedha. Meli kubwa kabisa za gesi hubeba zaidi ya tani 40,000. Kila meli inavyokuwa kubwa, nauli ya kila tani inashuka. Lakini meli kubwa inataka matangi makubwa ya kupokelea, na inataka soko litakaloimaliza gesi hiyo kabla mwenye fedha hajachoka kusubiri. Tanzania peke yake, Kenya peke yake, Uganda, Rwanda na Burundi zisizo na bahari, kila mmoja akiagiza kivyake anaagiza kwa kopo. Ni jirani yangu yule yule, ila amevaa suti.

Na kununua kwa pamoja si ndoto. Tanzania imekuwa ikiagiza petroli na dizeli kwa mfumo wa pamoja tangu 2012: makampuni yanaweka mahitaji yao kwenye kapu moja, zabuni inatangazwa, mwenye bei nafuu anapewa. Kenya nayo ilikuwa na zabuni yake ya wazi kwa miaka mingi. Ujuzi upo pande zote mbili. Kinachokosekana ni kapu moja la gesi ya kupikia linalovuka Horohoro, Holili, Namanga na Mutukula. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 una kifungu kizima cha nishati. Tulishakubaliana zamani, kwa hiyo leo naomba utekelezaji tu.

Badala ya kapu moja, tuliwahi kuwa na nini? Mwaka 2017 Kenya ilizuia gesi ya mitungi kuingia kwa barabara kutoka Tanzania. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama na ujazaji haramu, na siwezi kusema ilikuwa sababu ya kubuni. Unga wa ngano nao ukazuiwa. Tanzania ikajibu kwa maziwa na sigara za Kenya. Ilikwenda hivyo mpaka Julai, mawaziri wa mambo ya nje wa nchi mbili waliposimama mbele ya waandishi kutangaza kwamba vikwazo vyote vinaondolewa. Mimi wakati ule nilikuwa nakwenda Horohoro mara kwa mara kwa kazi. Malori ya gesi yalipanga foleni, madereva wanapikia pembeni kwa kuni. Lori lina tani za gesi, na dereva wake anainama kupuliza kijinga chini ya mti. Picha hiyo sijaisahau.

Miaka minne baadaye, Julai 2021, Kenya ikarudisha kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia, baada ya miaka mitano bila kodi hiyo. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi asilimia 8, na 2023 ikaondolewa. Wenzetu wa Lunga Lunga mtanisahihisha, lakini katika kipindi kile pikipiki za vichochoroni ziliongezeka, zimefunga mitungi kwa mipira. Kodi ya upande mmoja ikipanda, mitungi inatembea usiku. Na mtungi unaotembea usiku haukaguliwi na mtu.

Ukaguzi huo ni uhai wa watu. Tarehe 1 Februari 2024, Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka kwenye eneo la kujazia mitungi lisilo na kibali, katikati ya makazi. Watu walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba na magari yakateketea. Ujazaji wa kuchepusha, mtungi mkubwa ukimiminwa kwenye midogo kwa mpira uani, unafanyika pande zote za mpaka, na tusijidanganye kwamba ni wa upande mmoja. Unafanyika kwa sababu unashusha bei kwa mia tano, na kuna mama anayeihitaji hiyo mia tano.

Nirudi kwenye msitu, ninakokujua zaidi.

Januari 2006 serikali yetu ilipiga marufuku mkaa. Bei ikaruka Dar es Salaam, na katazo halikumaliza wiki nyingi likaondolewa. Wapishi hawakuwa na pa kukimbilia. Februari 2018 Kenya ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, na sitisho hilo likakaa mpaka Julai 2023. Kaunti ya Kitui ilikuwa imekwisha kuzuia mkaa wake usitoke. Mei 2023 Uganda ikapiga marufuku uchomaji mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Kila mmoja katika hawa alikuwa na haki. Misitu yao ilikuwa inaisha machoni mwao. Lakini chungu cha Mombasa hakikuacha kuchemka mwaka 2018. Mahitaji yalibaki pale pale, na shoka likahama. Mimi nililiona likihamia kwetu. Miti ya Mkinga, mpaka pwani karibu na Jasini, ilianza kulala chini kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, na mkaa ulivuka kwa ngalawa na kwa vichwa vya watu, ingawa kuupeleka nje ya nchi hakukuruhusiwa. Wenzangu wa misitu upande wa Kwale walikuwa wanaandika kwenye ripoti kwamba uchomaji umepungua, na walikuwa wanasema kweli. Mimi naandika kwamba umeongezeka, nami nasema kweli. Ripoti mbili hazikuwahi kukaa meza moja.

Na tukumbuke ni Wadigo wale wale. Harusi ya Vanga inapikwa pilau kwa mkaa wa Mkinga, na bibi harusi ana shangazi Moa. Mpaka ulichorwa na watu waliokuwa hawapiki hapa.

Tanuri letu la udongo, lile la kufukia magogo na majani, linakula kilo 5 mpaka 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Tanzania inapoteza zaidi ya hekta 400,000 za misitu kwa mwaka, kwa mashamba na kwa mkaa na kwa mengineyo. Lakini wachoma mkaa mliopo hapa sikuwaita niwasute. Kule Kilosa, kuanzia 2012, vijiji vilionyesha kwamba mkaa unaweza kuvunwa kwa mpango: msitu wa kijiji unagawanywa vipande, kipande kinachokatwa leo kinaachwa kichipue kwa miaka 24 kabla hakijaguswa tena, visiki vinaachwa virefu, na ushuru unabaki kijijini kujenga madarasa. Miombo inachipua vizuri ikiachwa. Naamini kwa miaka mingi ijayo sehemu ya chakula chetu itapikwa kwa mkaa, na ninaona aibu kwa kila mpango unaoandikwa kana kwamba watu hawa watayeyuka. Mkaa wa kibali kutoka msitu unaochipua uruhusiwe kuvuka mpaka kwa karatasi, ulipe ushuru, upimwe. Unaopita kichochoroni haulipi kitu na hauachi kisiki.

Ndugu zetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanajua uchungu wake kuliko sisi. Mkaa wao huuita makala, na makala ya Goma kwa miaka mingi imetoka ndani ya hifadhi ya Virunga, mikononi mwa watu wenye bunduki, na askari wa hifadhi wamekufa wakiilinda. Jibu mojawapo lilikuwa maji: mtambo wa Matebe, Rutshuru, wa megawati 13, uliozinduliwa Desemba 2015, umeme wake ukaanza kuingia majumbani na kwenye vinu. Sina nafasi ya kuyasema yote ya Kivu leo, ila naomba Kongo isisahaulike tunapotaja Afrika Mashariki. Ipo mezani tangu 2022.

Umeme sasa. Hapa nimebadili mawazo yangu mwenyewe. Zamani nikisikia mtu anasema maskini apikie umeme nilidhani hajawahi kulipa luku. Kisha mwanangu akaniletea lile sufuria la umeme la presha. Nilipika maharage makavu, ambayo sikuyaloweka, na mita ikasoma kwamba sikufikia uniti moja. Nilikaa pale jikoni nikarudia kusoma mita. Maharage! Chakula kile kile tulichokuwa tumekiacha kwa ajili ya mkaa.

Na umeme sasa unavuka mipaka kwa kweli. Maporomoko ya Rusumo yanatoa megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Njia ya Ethiopia na Kenya, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, ilianza kuleta umeme mwaka 2022. Njia ya Singida hadi Isinya imeunganisha gridi yetu na ya Kenya. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. Kwa hiyo nyaya zipo, na zinapita juu ya mapaa ya watu wanaopuliza kuni.

Kizuizi kimoja nakijua kwa namba. Hapa kwetu mteja mdogo wa nyumbani anauziwa uniti kwa shilingi 100, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi akahamishwa, uniti moja inakuwa karibu shilingi 300. Sasa mpe sufuria la umeme, apike kutwa mara tatu, achemshe na chai. Atavuka 75, na kwa kupikia kisafi atakuwa ameadhibiwa mara tatu. Waganda wameliona hili wakafanya kinyume: wana bei ya kupikia, ambapo uniti kuanzia ya 81 hadi ya 150 zinauzwa nafuu kuliko zile za 16 hadi 80, ili mtu avutwe apike. Nawaomba waheshimiwa, mnapokutana na wasimamizi wa nishati, msiwaulize mambo makubwa. Waulizeni hili tu: Kampala imewezekana vipi, na Tanga inashindikana wapi? Ushirikiano wa kanda nao ni huo, kunakili daftari la jirani bila haya. Jiko la bati lenye udongo ndani, linalowaka kila kona ya Afrika Mashariki, lilitengenezwa Kenya miaka ya 1980 baada ya mafundi kuangalia majiko ya Thailand, kisha mafundi wetu wakanakili kwa Wakenya. Hakuna aliyepungukiwa.

Kuna na jambo lililofanywa na vijana wetu. Mita ndogo inayofungwa kwenye mtungi, ukalipia kwa simu gesi ya 500 au ya 1,000, ilianzia Dar es Salaam kwa kampuni ya KopaGas. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ikanunuliwa na kampuni ya Uingereza, na ikapata ukubwa wake Nairobi. Ni kitu kinachojibu moja kwa moja ile sentensi ya jirani yangu: elfu moja mia tano anayo kila siku. Kimezaliwa huku, kimekulia kule. Ingekuwa kanuni zetu za vipimo na leseni zinafanana, kingekuwa kimeshavuka na kurudi mara kumi, kikafika Muheza.

Nisisahau kifua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto wadogo zaidi ya 237,000. Mama yangu alikohoa miaka 20 bila kuvuta sigara hata moja. Hilo linatosha, siwezi kuliendeleza.

Mei 2024 kule Paris, Rais wetu alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa nishati safi ya kupikia Afrika, na ahadi za dola bilioni 2.2 zikatolewa. Mwezi huo huo Tanzania ikazindua mkakati wake wa miaka kumi, wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Nafurahi kwa yote mawili. Ila wenzangu, mkakati ni wa Tanzania, wa Kenya ni wa Kenya, wa Uganda ni wa Uganda. Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu. Sisi tuna mafiga manane katika Jumuiya, na kila moja limewekwa kwenye uwanja wake.

Sasa niwaombe macho hapa mezani.

Nimeazima mitungi miwili. Huu ni wa kilo 15, wa Tanga. Huu ni wa kilo 13, umekuja na mzee wetu kutoka Lunga Lunga. Kutoka dukani kwake mpaka duka la Horohoro ni mwendo mfupi wa bodaboda. Lakini mtungi wake ukiisha akiwa upande huu, hakuna wa kumbadilishia. Muuzaji wetu ataukataa, na ana haki: si wa kampuni yake, hauna bohari huku, na uzito wake haumo kwenye orodha ya bei. Mama aliyeolewa kutoka Vanga kuja Moa akija na mtungi wake amekuja na chuma.

Kenya walijaribu kulitatua hili ndani ya nchi yao. Kanuni za mwaka 2009 ziliwataka wote watumie vali ya aina moja, na makampuni yabadilishane mitungi: unapeleka mtungi wa yeyote, unapewa wa yeyote, halafu makampuni yanarudishiana yenyewe kwa yenyewe. Kwa mpishi lilikuwa jambo la raha. Lakini wajazaji haramu wakaingia katikati, mitungi ya watu ikapotelea kwao, walioigharamia wakaona wanalisha wezi, na kanuni za 2019 zikaufuta ule ulazima. Nimezungumza na wauzaji walioshiriki, na wote wanaelekeza kidole kwenye daftari: hakukuwa na hesabu ya uhakika ya nani ana mitungi mingapi ya nani. Wazo la kubadilishana hawalilaumu.

Basi naomba tuanze kidogo, hapa, na tuanze na daftari. Wauzaji 6 wa Horohoro, wauzaji 6 wa Lunga Lunga, walio na leseni, mitungi ya kilo 6 peke yake. Kila mtungi uwe na namba, uandikwe simuni ukipokewa, uandikwe ukitolewa, na kila Ijumaa mitungi irudishwe kwao kwa gari moja, mbele ya afisa wa vipimo wa kila upande. Madiwani mliopo mnaweza kuwaandikia wasimamizi wa nishati, EWURA wa Tanzania na EPRA wa Kenya, barua ya pamoja ya kuomba ruhusa ya majaribio ya miezi 12. Rasimu ninayo kwenye mkoba, ina kurasa mbili, na nafasi ya sahihi za pande zote.

Kabla ya sahihi, kuna kitu nilijaribu jana usiku nikashindwa, na nataka mkione wenyewe. Mzee wangu wa Lunga Lunga, njoo na regulata yako. Mwanangu unayeuza gesi pale Ngamiani, njoo na yako. Kila mmoja ajaribu kuifunga kwenye mtungi wa mwenzake. Nyie wengine sogeeni karibu, mama wa vikoba mkae mbele kabisa, msiwaachie wanaume peke yao, maana ninyi ndio mtakaoifunga kila siku. Hapo, mzee. Taratibu. Waonyeshe inapokwamia.